Sadaka Bila Haki: Nabii Amosi na Mitaa ya Majengo

Yapo maneno ambayo yamekaa nasi kwa karne nyingi hata tukasahau kuyauliza yalikotoka na yana udugu gani. Neno sadaka ni mojawapo. Msikitini linatajwa, kanisani linatajwa, na mwenye duka asiyejulikana kuwa wa msikiti wala wa kanisa hulitaja pia siku ya Ijumaa, ombaomba wanapojipanga mlangoni pake. Neno haki nalo limejaa midomoni mwetu, tangu wimbo wa taifa hadi mabango ya waandamanaji. Aghalabu tunayaweka maneno haya katika vyumba viwili tofauti. Sadaka ni hisani. Mtu huitoa kwa kupenda, akasifiwa. Haki ni deni. Hudaiwa na mwenyewe hata kama mdaiwa amenuna. Ninalokusudia kueleza leo ni kwamba palikuwa na mtu, yapata miaka 2,750 iliyopita, ambaye vyumba hivi viwili kwake havikuwa na ukuta katikati, na kwamba wakazi wa Majengo, Mombasa, wana sababu ya kumjua mtu huyo kuliko wanavyojulishwa na wahubiri wa mitaani.

Sikusudii kuhubiri. Kazi yangu ni isimu, na mwanaisimu akipanda mimbari ni kama refa akipiga penalti. Lakini maneno ndiyo mali yangu, na mtu huyu aliishi kwa maneno.

Jina lake ni Amosi. Kwao ni Tekoa, kijiji kilichokuwa kusini mwa Bethlehemu, ukingoni mwa jangwa. Mwenyewe alikana kwamba alikuwa nabii wa kazi au mwanachama wa kundi la manabii. Alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu. Msomaji asidhani kwamba hapa pametajwa mti wa kigeni: mkuyu wa Amosi ni huu huu unaomea kando ya Mto Tana, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus sycomorus. Tunda lake huhitaji kuchanjwa ili liive vizuri, na hata likiiva si tunda la karamu za wakubwa. Mtu wa kazi hiyo ndiye aliyeondoka Yuda, akavuka mpaka kwenda katika ufalme wa kaskazini, Israeli, siku za mfalme Yeroboamu wa Pili, katikati ya karne ya 8 kabla ya Kristo, akasimama mbele ya hekalu la Betheli na kuanza kusema.

Zama zile zilikuwa za neema. Mipaka ya ufalme ilikuwa imepanuka, na biashara imeshamiri. Wakuu walikuwa na nyumba ya kipupwe na nyumba ya kaskazi, na nabii akawataja kwa vitanda vyao vya pembe za ndovu. Wapo waliodhani kwamba hayo ni mbwembwe za mzungumzaji. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua Samaria katika miaka ya 1930 walipata vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyonakshiwa kwa ustadi. Kabla ya hapo, mwaka 1910, walikuwa wamekwisha kupata vigae vilivyoandikwa kwa wino hesabu za divai na mafuta yaliyopelekwa mjini kutoka mashambani. Anasa na stakabadhi za anasa zilifukiwa katika kilima kimoja.

Hebu tutazame namna alivyoanza, maana hapo ndipo wahubiri wetu wanapomwacha. Hakuanza kwa kuwalaumu waliokuwa mbele yake. Alianza na majirani. Aliwataja watu wa Dameski kwa ukatili wao vitani. Akaja kwa Gaza, ambao walikamata jamii nzima ya watu na kuiuza. Akaja kwa Tiro, nao kwa kosa hilo hilo la kuuza binadamu, kisha Edomu, Amoni, Moabu. Bila shaka wasikilizaji walikuwa wakiitikia kwa vichwa, kama tufanyavyo barazani mtu anapozitaja aibu za mtaa wa pili. Akaitaja Yuda, kwao mwenyewe, na bila shaka wakafurahi zaidi. Halafu, wakiwa wamekwisha kukubali kwa hiari yao kwamba kila taifa litahukumiwa kwa matendo yake, akawageukia wao. Akawaambia kwamba wamemuuza asiye na kosa kwa fedha, na maskini kwa thamani ya jozi ya viatu.

Nimekumbuka mtindo huu kila nilipofikiria mihadhara ya hadharani iliyopamba moto katika miji yetu miaka ya 1980 na 1990, ambapo Mkristo alikuja na Kurani kumwonyesha Mwislamu makosa yake, na Mwislamu akaja na Biblia kumwonyesha Mkristo ya kwake. Kila upande ulisikia duru ya kwanza ya hotuba ya Amosi, ile ya majirani. Sijui mhadhara hata mmoja uliofika duru ya pili.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe. Kiini cha ujumbe wa Amosi kimo katika sura ya 5 ya kitabu chake. Hapo Mungu anaeleza kwamba hazitaki sikukuu za watu wale, wala dhabihu zao, wala kelele za vinanda vyao, na badala ya hayo anataka vitu viwili vitiririke kama maji. Kwa Kiebrania vitu hivyo huitwa mishpat na tsedaka. Sikio la Mswahili halihitaji shahada ili kulitambua neno la pili. Ni ndugu wa damu wa neno letu sadaka. Waarabu walitamka sadaqa, nasi tukalipokea kutoka kwao pamoja na ndugu zake: sadiki, na lakabu ya Sidiki aliyopewa Abubakar, khalifa wa kwanza. Kiebrania nacho kina tsadik, yaani mtu mwenye haki. Mizizi ni ile ile ya konsonanti tatu, na maana yake ya awali katika lugha hizi za Kisemiti huzunguka ukweli, unyofu, na jambo lililokaa sawasawa kama inavyopasa.

Kwa hiyo Amosi alipotaja tsedaka hakuwa akizungumzia sarafu katika kiganja cha ombaomba. Alikuwa akizungumzia hali ambayo ombaomba hangekuwapo mlangoni, au angekuwapo kwa bahati mbaya tu wala si kwa mpango. Karne nyingi baadaye Wayahudi wenyewe walilibana neno hilo likawa na maana ya msaada kwa maskini, kama Waarabu walivyofanya, nasi pia. Nadhani kila jamii inapochoka kutenda haki, neno lake la haki hupungua polepole hadi likatosha mfukoni.

Biblia ya Union, ambayo ilikamilika mwaka 1952 na ndiyo waumini wengi wa Kiswahili wanayoijua kwa moyo, imetupa hapa kitendawili. Zile dhabihu za kuteketezwa ambazo Mungu anazikataa zimeitwa sadaka. Ile tsedaka anayoitaka imeitwa haki. Na mishpat imeitwa hukumu. Basi Mswahili anayesikiliza husikia kwamba Mungu hataki sadaka, anataka hukumu na haki. Kwa upande wa maana watafsiri hawakukosea, na mimi nisingefanya vizuri zaidi. Walakini neno sadaka limejikuta upande wa vitu vinavyokataliwa, ilhali dada yake wa Kiebrania yuko upande wa vitu vinavyodaiwa. Udugu umekatika katikati ya aya.

Neno hukumu limeniletea taabu kubwa zaidi. Katika Kiswahili cha leo, ukisema fulani amehukumiwa, hakuna atakayeuliza kama alishinda kesi. Atauliza ni miaka mingapi. Siku ya Hukumu nayo tunaiwaza kwa moto. Kumbe asili ya neno hukumu ni Kiarabu cha mizizi ile ile iliyotupa hakimu, mahakama na hekima, na zamani lilibeba uamuzi wa kila namna, wa kumwokoa mtu na wa kumwadhibu pia. Mishpat ya Kiebrania ni ya namna hiyo. Imetokana na kitenzi ambacho kimekipa jina kitabu cha Waamuzi, na wale waamuzi, ukikisoma kitabu hicho, wengi wao hawakukaa kitini kupiga muhuri. Walikuwa wakombozi wa watu walioonewa. Nadhani kitenzi chetu cha Kibantu, kuamua, kinakaribia zaidi. Anayeamua ugomvi huingia katikati, huwatenganisha wanaopigana, na humzuia mwenye nguvu asimmalize mnyonge. Mishpat kwa mjane ni kurudishiwa shamba lake. Tukiisikia kama adhabu tu, tunamgeuza Amosi kuwa mpiga mbiu wa moto, na maskini, ambao nabii alikuwa wakili wao, wanatetemeka pamoja na waliowaonea.

Watafsiri wa Biblia Habari Njema, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, waliliona tatizo hili. Waliipandisha haki ikakaa mahali pa hukumu, na katika nafasi ya pili wakatia uadilifu. Ni maendeleo, ingawa masikio yangu yanasema kwamba uadilifu ni neno la semina.

Hapa nitoe maelezo mafupi ambayo hayasemwi mara nyingi. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mkewe na mtoto wake mchanga mwaka huo huo, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Yaani msamiati wa Kiswahili wa mambo ya Mungu ulipokuwa ukipimwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya Biblia, mmoja wa wapimaji alikuwa mwamuzi wa Kiislamu wa Mombasa. Anayetaka kugawa maneno haya kwa dini afikirie jambo hilo kwanza.

Nabii alisema pia mishpat isimamishwe langoni. Katika miji ya kale ya nchi ile lango halikuwa la kupita tu. Wazee walikaa hapo, na mwenye shauri alilileta hapo mbele ya macho ya wapitao na kwa lugha ya wapitao. Sisi tulikuwa na baraza. Benchi la mawe mbele ya nyumba limepanda cheo hadi kuwa Baraza la Mawaziri, na njiani limepoteza wapita njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, ambayo ni urithi wa ukoloni, iliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani, na Kiswahili kikaruhusiwa katika mahakama za chini tu. Mtu wa Majengo anaweza kushinda au kushindwa kesi ya nyumba yake bila kuelewa ni kwa nini. Lango lipo, lakini limefungwa kwa lugha.

Na nyumba za Majengo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Jina la mtaa huu lisimhadae mgeni. Majengo kweli yapo, mengi, lakini kwa miaka mingi waliyoyajenga hawakuwa na ardhi chini yake. Mtaa ulikua wakati wa ukoloni, Mji wa Kale ulipojaa na bandari ya Kilindini ilipovuta vibarua kutoka kila upande. Mwenye kiwanja alikigawa vipande, akamruhusu mtu kujenga nyumba ya Kiswahili ya udongo na miti, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, kwa sharti la kulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba ni ya aliyejenga. Anaweza kuipangisha, kuirithisha, hata kuiuza. Udongo unaoishikilia si wake.

Utaratibu huu wa kutenga nyumba na ardhi haukuwa mbaya tangu mwanzo. Pwani nzima ilijua kwamba mnazi unaweza kuwa wa mtu na shamba likawa la mwingine, na mambo yakaenda kwa kuaminiana. Ubaya ulikuja sheria ya Kiingereza ilipowekwa juu yake, kwa sababu sheria hiyo huona kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hatimiliki za ardhi ya Pwani, iliyomtaka kila mwenye dai alipeleke kwa afisa na ushahidi wake. Dai lisilopelekwa, au lililokosa karatasi, likaishia katika ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na wakili walisikizwa kuliko waliokuwa na makaburi ya babu zao tu. Kuanzia hapo mwenye nyumba Majengo akawa na jina jipya katika vitabu vya sheria, jina la Kiingereza ambalo maana yake ni mpangaji anayekaa kwa hiari ya mwenye ardhi.

Jina hilo nimewahi kulitafsiri si darasani bali ukumbini kwa jirani wa familia yetu, mjane aliyepata umri. Alikuwa ameletewa barua ya wakili, kurasa mbili za Kiingereza, ikimtaka aondoe nyumba yake kwa sababu kiwanja kimepata mnunuzi. Alinipa nisome. Nilipofika kwenye maneno yale nikasita, nikitafuta Kiswahili chake.

"Wanasema, mama, kwamba unakaa kwa hiari ya mwenye ardhi."

"Hiari yake yeye?" akauliza. "Na yangu mimi, mwanangu, iko ukurasa gani?"

Nilizigeuza kurasa zote mbili, na haikuwamo. Mume wake alikuwa kibarua wa bandari, na kodi ya ardhi walikuwa wakilipa tangu wakati ambapo huyo mnunuzi hajazaliwa. Stakabadhi alikuwa nazo ndani ya mkebe wa biskuti, zimepangwa kwa miaka. Nikakumbuka vigae vya Samaria. Vigae vile vilihifadhi hesabu ya waliopokea. Mkebe huu ulihifadhi hesabu ya waliolipa, na hakuna mchimbuaji atakayeutafuta.

Isaya na Mika, waliokuja muda mfupi baada ya Amosi, waliwakemea wazi wale wanaounganisha nyumba na nyumba na shamba na shamba hadi maskini akakosa pa kusimama. Kabla yao, kuna kisa cha Nabothi, aliyekataa kumwuzia mfalme Ahabu shamba la mizabibu alilorithi. Kesi iliitishwa. Mashahidi wawili waliletwa, wazee wakakaa, hukumu ikatolewa, Nabothi akapigwa mawe. Kwa taratibu za nje kila kitu kilikuwa sawa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu ndicho kinachoonyesha kwa nini manabii hawakutosheka na hukumu peke yake, wakaidai na tsedaka iambatane nayo kama mwili na kivuli.

Majengo si mtaa wa kusubiri nabii kutoka nje. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, mji ukasimama kwa siku zaidi ya kumi. Mishahara ilikuwa midogo na kodi za vyumba zimepanda. Waligoma makuli wa bandari, wa reli, wa mahotelini, hata watumishi wa majumbani, na mikutano yao mikubwa waliifanya katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Kwa mwanaisimu jina hilo ni hazina. Neno maskini limetoka Kiarabu, lina ndugu katika Kiebrania, na babu yake anapatikana katika Kiakadi, lugha ya sheria za Hammurabi mfalme wa Babeli, karibu miaka 3,750 iliyopita, likimtaja mtu wa tabaka la chini ya waungwana. Mkulima wa Babeli, mnyonge wa Betheli na kuli wa Kilindini wangeitikia jina moja. Kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika lililozaliwa na mgomo ule, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo huo, akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet, Baringo, mbali na bahari, kwa muda wa miaka kama kumi.

Amosi naye aliambiwa aondoke. Amazia, kuhani wa Betheli, alipeleka kwanza habari kwa mfalme kwamba mtu huyu anafanya fitina na nchi haiwezi kuyastahimili maneno yake. Kisha akamwendea mwenyewe, akamwambia arudi Yuda akale mkate wake huko, kwa kuwa Betheli ni patakatifu pa mfalme. Tazama jinsi kuhani alivyojisahau: alikuwa na nafasi ya kusema kwamba ni patakatifu pa Mungu. Katika nchi yetu, Agosti 1990, Waziri wa Leba, Peter Okondo, alimwonya Askofu Alexander Muge wa Eldoret asikanyage Busia, kwamba akienda huenda asitoke hai. Askofu, aliyekuwa akipaza sauti juu ya unyakuzi wa ardhi, alikwenda. Tarehe 14 mwezi huo, akiwa njiani kurudi, alifariki katika ajali ya barabarani. Waziri alijiuzulu. Tofauti ya Amazia na waziri ni kwamba mmoja alivaa kanzu.

Na kuna hukumu ambayo Majengo imeijua karibuni kuliko hiyo. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi ndani ya gari, akiwa pamoja na mkewe. Serikali ilimshutumu kwa kuwavuta vijana kwa al-Shabaab. Kesi yake haikufika mwisho. Fujo zilizuka na makanisa yakashambuliwa. Oktoba 2013 Sheikh Ibrahim Ismail na wenzake wakauawa kwa namna iyo hiyo, na kesho yake kanisa la Jeshi la Wokovu la Majengo likatiwa moto. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa kwa silaha na kuwakamata watu zaidi ya 100. Aprili mosi mwaka huo Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, akapigwa risasi Shanzu, nje ya mahakama. Kila mara magazeti yetu yaliandika kwamba waliofanya hivyo ni watu wasiojulikana.

Sina haja ya kuyapenda mafundisho ya mashehe hao ili niseme kwamba mtu akiuawa mlangoni pa mahakama, mahakama nayo imepigwa risasi. Na aliyechoma kanisa la maskini wenzake mtaani naye alitoa hukumu bila shahidi, bila mwamuzi na bila mshtakiwa. Kilichokosekana mwaka 2012 hadi 2014, kwa pande zote, ni mishpat: mtu wa kuingia katikati. Vijana waliotoweka wana mama zao, na mama hao hawakuwa wakidai kwamba watoto wao ni malaika. Walidai wapelekwe mbele ya hakimu.

Nimetaja maji mapema, nami nataka kurudi hapo kidogo, kwa sababu picha aliyoitumia Amosi huipotea mtu aliyezoea mvua. Mito mingi ya nchi ile hujaa wakati wa mvua na hukauka kiangazi, ikabaki mawe. Nabii alitaka haki iwe kama ule mto wa nadra ambao haukauki. Kisiwa cha Mombasa hakina mto hata mmoja. Maji yake huja kwa mabomba kutoka mbali, kutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na Majengo wanajua maana ya mfereji unaotoa maji usiku mmoja na kukohoa hewa siku tatu. Wanajua pia bei ya mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mkokoteni. Haki yao ya ardhi imekuwa ya namna hiyo: hufurika miezi ya kampeni, wanasiasa wakaahidi hatimiliki, halafu bomba likakauka hadi miaka mitano ipite.

Amosi hakuishia katika mambo makubwa. Aliwataja wafanyabiashara waliokaa ibadani wakihesabu saa, Sabato iishe ili wafungue ghala, wapunguze kipimo, waongeze uzito wa jiwe la mizani, na wauze makapi kwa bei ya ngano. Mizani, kwa taarifa ya msomaji, ni neno jingine ambalo Kiebrania na Kiarabu huchangia, nasi tumelirithi. Kurani nayo ina sura nzima, Al-Mutaffifin, yenye jina la hao wapunjao vipimo. Zamani Mombasa ilipima kwa kibaba na pishi. Siku hizi mama wa Majengo hununua mahindi kwa gorogoro, na anajua kulitazama chini kama limebonyezwa. Kosa la karne ya 8 kabla ya Kristo limebadilisha chombo tu.

Na kuna jengo moja ambalo nabii aliliona katika njozi, ukuta, na Bwana amesimama na timazi mkononi. Wataalamu wa Kiebrania bado wanabishana kuhusu neno lililotumika hapo, wengine wakidhani kwamba maana yake ni bati. Lakini timazi la Biblia ya Union fundi yeyote wa Mombasa analijua: uzi na kipande cha chuma. Halimtukani fundi. Huning'inia tu, na ukuta uliopinda hujionyesha wenyewe.

Ningependa kuona timazi hilo likianzia mahali tusipotarajia, kama Amosi alivyomalizia na wasikilizaji wake. Sehemu ya ardhi ya Mombasa ni wakfu, na wakfu kwa maana yake ya asili ni sadaka inayoendelea baada ya mtoaji kufa. Makanisa nayo yana viwanja Pwani tangu siku za wamishenari. Juu ya ardhi za sadaka kuna watu wanaoishi na kulipa. Je, wanalipa kiasi gani, kwa mkataba gani, na umeandikwa kwa lugha gani? Wakitaka kujenga choo cha mawe, wanamwomba nani, na anajibu baada ya muda gani? Mjane akifariki, wanawe wanaruhusiwa kukaa? Haya ni maswali ya hesabu, yanaweza kujibiwa kwa karatasi moja ikabandikwa mlangoni, kwa Kiswahili, Ijumaa hii msikitini na Jumapili hii kanisani.